Nilimkaririsha Mume Wangu Jibu la Uongo Kuhusu Datsun Yake, Bibi wa Watu Akaitwa Mchawi

Admin, jina langu lifiche, na mji ninaoishi sasa usiutaje. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, nina watoto wanne na wajukuu. Mume wangu yupo hai, anakunywa uji hapo nje wakati naandika haya. Hana habari na mambo ya simu, ndiyo maana nimepata ujasiri.

Miaka ya tisini tuliishi Shinyanga mjini. Mume wangu, Baba Kulwa, alirudi kutoka machimbo ya Rwamgasa na dhahabu yake, na badala ya kununua ng'ombe kama wenzake akanunua Datsun 240Z, gari la michezo la zamani, boneti ndefu, viti viwili. Viwili tu, na watoto tunao! Akajiunga na chama cha wapenzi wa magari hayo: wafanyabiashara wa pamba, wanunuzi wa dhahabu, Wahindi wa madukani. Kila Jumapili alasiri walikutana kwenye uwanja wa hoteli moja, wanafunua maboneti, kisha wanaulizana maswali. Gari gani la Kijerumani milango yake ilifunguka kwenda juu? Lipi injini yake iko nyuma? Asiyejua anachekwa wiki nzima.

Sasa Baba Kulwa aliishia darasa la tatu, na majarida ya magari yalikuwa ya Kiingereza. Nani alimsomea? Mimi, niliyefika kidato cha nne. Nasonga ugali huku namkaririsha kama mtoto wa chekechea. Wenzake wakamwita Profesa. Siku moja niliwapelekea chakula pale hotelini, likaulizwa swali likawashinda wote, nikajibu mimi. Mume wangu akacheka: "Msimsikilize huyu, anajua ugali tu." Hilo nililimeza. Kile kiti cha pili ndicho kilichonishinda. Alimpakia hawara yake wa kule Rwamgasa, akapita naye mbele ya bomba nilipokuwa nachota maji, na honi akanipigia. Jamani, honi!

Ndipo akabishana na Masanja, mwanachama mwenzake mwenye gari la Kiingereza, MG nyekundu. Masanja akamuuliza, "Gari lako kule kwao Japani liliuzwa kwa jina gani?" Hakujua. Kwa jeuri zake akaweka ufunguo mezani mbele ya wanachama wote: Jumapili ijayo atajibu, akikosa, Masanja achukue gari. Akaja nyumbani mbio. "Mama Kulwa, tafuta!" Nikatafuta, nikaona. Fairlady. Nikamwambia Bluebird. Nilifanya makusudi kabisa, nilitaka lile gari liondoke na kiti chake.

Jumapili akasimama, akasema Bluebird kwa sauti. Hoteli nzima kicheko. Masanja akaondoka na Datsun. Mume wangu akarudi kwa miguu. "Si uliniambia Bluebird?"

Hapo ningesema. Badala yake nikafungua jarida, nikaweka kidole. "Nilikuambia hili hapa, Fairlady, mara tatu." Akalitazama lile neno, akakaa chini. "Basi kichwa changu kimechezewa," akasema.

Akaenda kwa mganga. Mganga akamwambia kuna bibi upande wa mshindani wake. Mama yake Masanja aliishi kijijini nje ya mji, macho mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia miaka yote, na kwetu macho mekundu watu huyaita alama ya mchawi. Maneno yakaenea. Haikupita wiki, akatupiwa barua mlangoni: ahame au akatwe mapanga. Alitoroka amepakiwa kwenye baiskeli, akakimbilia kwa binti yake upande wa Kahama, akaacha mahindi shambani. Alifia huko, akazikwa huko. Na bibi huyo ndiye aliyekuwa ananiletea maziwa nilipojifungua mapacha wangu. Nilijua kila kitu, nikakaa kimya.

Mwezi uliopita Masanja alikuja kwetu. Amezeeka, anaumwa, anatembelea fimbo. Alisema lile gari atalirudisha, ila Baba Kulwa atamke mbele ya watu kwamba mama yake hakuwa mchawi. Mume wangu akamfukuza kama mbwa: "Jina nilikuwa nalo kichwani, mama yako akaling'oa!"

Nikamsindikiza mgeni hadi nje. Akasimama. "Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa unamsomea. Ulimwambia jina gani?"

Nikamjibu, "Shemeji, ni miaka mingi. Sikumbuki."

Nikisema ukweli, Baba Kulwa atanitoa kwenye nyumba hii na uzee wangu, na sijui wanangu watanitazamaje. Nikinyamaza, bibi yule atabaki mchawi mpaka kwa vitukuu wake. Nishaurini ndugu zangu, hata mkinitukana nishaurini. Masanja alinishukuru siku ile, akasema nisijilaumu, uzee ni uzee, nijaribu tu kukumbuka. Jumamosi hii anapita tena kuniuliza. Nimwambie nini?