Injini Iliyokula Samli

Ninakaanga samaki na maandazi Tinde, pale malori yanapopumzika kabla ya kuendelea na safari. Mafuta yangu yakishachoka, yakawa meusi na kuanza kutoa povu, sikaangii tena chakula cha mtu. Nayamimina kwenye dumu nyuma ya kibanda, na wajenzi huja kuyachukua wapake nguzo zisiliwe na mchwa. Miaka yote nilidhani hapo ndipo mwisho wa mafuta.

Mwaka ule mvua ilikata wakati mpunga umebeba mimba. Mpunga ukikosa maji wakati huo, suke hutoka jeupe na tupu, na unachovuna ni majani ya kulisha ng'ombe. Majaruba, yale mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa kingo za udongo, yalikuwa ya mama mkwe wangu. Kingo zake aliziinua marehemu baba mkwe kwa jembe la mkono, na tangu afariki, mama alikuwa hajawahi kula wali wa kununua. Bondeni kulikuwa na lambo lenye maji, na pampu tulikuwa nayo, ya injini ya dizeli inayowashwa kwa kuzungusha hendeli. Kilichokosekana ni dizeli yenyewe. Kila kituo cha mafuta tulichokwenda walikuwa wamefunga kamba, na jibu lao lilikuwa moja: hakuna, njoo kesho.

"Mpunga huu ukifa, nakwenda Runzewe kwa binti yangu," mama mkwe alituambia. "Nimechoka kuzika vitu hapa."

Yeye ni mtu wa kusema kidogo na kutimiza. Kesho yake nilikuta amefunga mzigo chumbani kwake: blanketi, vitenge vyake, na sufuria moja aliyoipenda. Pembeni ya mzigo aliweka kibuyu cha samli, ambacho alikuwa amekijaza kidogo kidogo tangu ng'ombe walipokuwa na maziwa. Kwa ukame ule, samli nyingine isingepatikana karibuni.

"Mkono mtupu haulambwi," alisema aliponiona nakitazama. "Siwezi kuingia nyumbani kwa mkwe wangu nikipunga mikono."

Watu wanapenda visa vya wakwe wasioelewana. Mimi sina hata kimoja. Nilipoolewa sikujua hata kupalilia mpunga, na mwanamke huyu alinifundisha bila kunicheka mbele ya watu. Ule mzigo uliniogopesha kuliko ukame wenyewe.

Mume wangu aliwahi kufanya kazi kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kila hadithi yake huanza na "kule Geita", na mimi ikishaanza hivyo huwa siisikilizi. Siku hiyo nilisikiliza kwa sababu aliisimulia akiwa ameshika dumu langu la mafuta machafu.

"Kule Geita dizeli ikiadimika, tulikuwa tunaipa injini mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Inakula."

"Injini inakula maandazi?"

"Inakula ulichokaangia maandazi."

Nilimwambia akiiua pampu ya mama, atabeba maji kwa ndoo mpaka siku ya kuvuna. Akacheka. "Mchagua jembe si mkulima, mama watoto."

Basi nikapita kwa wenzangu wa pale stendi kukusanya mafuta yao, na wauza chipsi wakanitania kwamba nimeanza kupaka nguzo. Dereva mmoja wa lori, mteja wangu wa samaki, alinipa chupa ya dizeli, kwa sababu mume wangu alisema injini lazima iwashwe kwa dizeli kwanza, ipate moto, ndipo ipewe hayo mengine. Tuliyachuja mafuta kwa kanga yangu kuukuu, tukatoa mifupa ya samaki na makombo, kisha tukayaweka juani juu ya bati mpaka yakawa mepesi.

Asubuhi mume wangu akazungusha hendeli. Injini ikashika kwa dizeli, ikanguruma kama kawaida yake, na ilipopata moto akaanza kumimina mafuta yangu kwenye tangi. Nilishika kiuno nikisubiri izime ili nipate la kusema. Ngurumo ikawa nzito kidogo, moshi ukatoka mwingi, halafu ukapungua. Bomba likakohoa tope. Kisha maji yakaja, mazito na mengi, yakaingia kwenye mfereji na kuanza kutambaa kuelekea majarubani.

Nilikaa chini. Hewa yote ilinukia samaki wa kukaanga, na mbwa wa jirani walikuja wakajipanga upande unakokwenda moshi, wakisubiri kwa adabu. Nilicheka. Mafuta yale yalikuwa alizeti, na pengine pamba za huku kwetu. Yalikaa shambani yakanywa mvua ya mwaka mwingine, yakakamuliwa, yakakaanga samaki wa watu ambao sasa wako mbali, na leo yaliyobaki yalikuwa yanapandisha maji kutoka bondeni. Mmea ulikuwa unaunywesha mmea mwenzake. Nilikuwa nimemwaga ajabu hii nyuma ya kibanda miaka yote.

Mama mkwe alisimama karibu na injini, mkono mdomoni. Alikuwa haamini.

"Inakula kweli?"

"Inakula, mama."

"Masalia?"

"Masalia."

Akatikisa kichwa, na kwa muda mrefu hakuondoka pale. Jioni tulipokuwa tunakaribia kuzima, maji yalikuwa yamefika majaruba ya chini tu. Ya juu bado yalikuwa na nyufa za kuingia kidole, na madumu yetu yalianza kusikika matupu. Tulimwachia mama injini tukaenda kutazama kingo. Nilipogeuka nilimwona ameinama juu ya tangi, nikadhani anachungulia tu.

Asubuhi injini haikuwaka. Mume wangu alizungusha hendeli mpaka shati likalowa. Akafungua kijibomba cha mafuta, na ndani hakukuwa na kitu kinachotiririka. Kulikuwa na kitu cha manjano, kimeganda.

"Umeniletea mafuta gani?" akaniuliza, na sauti yake sikuipenda.

Nilikuwa na jibu kali mdomoni. Lakini nilichukua kile kitu kwenye kidole nikanusa. Harufu ile naijua, ndiyo ninayoisikia mgeni wa heshima akiletewa chakula.

"Nimeipa mimi," mama mkwe alisema nyuma yetu. Alisimama wima, hana hata chembe ya aibu. "Imefanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni kwa ajili yangu, mnailisha makombo. Na samli ipo ndani? Mimi sikulelewa hivyo."

Mume wangu akarudi kukiinamia kijibomba. Hakuna mtoto wa Kisukuma anayeweza kumjibu mama yake hapo. Ikabidi nikachukue maji yaliyokuwa yanachemkia uji, tukayamwaga polepole juu ya bomba na chujio mpaka samli ikayeyuka. Tukaweka dizeli iliyobaki chupani. Hendeli ikazungushwa, injini ikakohoa, ikashika, na safari hii moshi ulinukia nyumba yenye sherehe. Mama akaiinamia kidogo.

"Wabeja," aliishukuru, kama anavyomshukuru mtu.

Siku hiyo maji yalipanda mpaka jaruba la mwisho, lile lililo chini ya kaburi la baba mkwe. Niliona nyufa zikinywa na kufumba. Mama alivua kandambili akaingia, akasimama kwenye tope, na mimi nikalia bila kujificha.

Baadaye nilikwenda chumbani kwake kurudisha sufuria yake nyingine, ile tuliyochemshia maji. Nilikuta mzigo uko palepale, bado umefungwa. Kibuyu kilikuwa pembeni, mdomo wazi, kimeoshwa. Hapo ndipo nilipopiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga asubuhi. Alipomimina samli yote, majaruba ya juu yalikuwa bado makavu, madumu yanaelekea kwisha, na hakuna aliyekuwa amemwahidi kwamba mpunga utapona.

Aliingia akanikuta nimekishika.

"Mama," nikasema, "sasa Runzewe utakwenda na nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akakichukua kibuyu mikononi mwangu, akakitundika kwenye msumari wake wa siku zote, kisha akaketi sakafuni na kuanza kulegeza fundo la mzigo.

"Niletee hiyo sufuria yangu," alisema. "Mnaiunguza."