Kahawa ya Isansa Iliyonuka Moshi

Watu wa Isansa wakimtaja Mwalimu Efraimu Mbonile husema alikuwa mtu mwema, na mimi sibishi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ndiye aliyewafundisha wazee wetu kumenya kahawa siku ileile inapochumwa, kuiosha mpaka utelezi uishe, na kuianika juu ya vichanja badala ya kuimwaga chini. Kabla yake tulikuwa tukimuuzia mchuuzi mmoja wa Tunduma, aliyeiponda mbele yetu na kuisifu tukishampa kisogo. Efraimu akasema hapana, kahawa ya Unyiha inaweza kwenda Ulaya kwa jina la chama chetu wenyewe. Na kweli ilikwenda, kwa lori, kwa treni, kisha kwa meli.

Hakuwa msomi. Alisoma kidogo misheni, akafanya kazi kwenye shamba la mzungu huko Mbozi, akayashika yote aliyoyaona pale. Alitufuata nyumba kwa nyumba, kwa miguu, na sharti lake kubwa lilikuwa kwamba kahawa isikae karibu na moto.

"Kahawa ni mmbea," alikuwa akisema. "Ikinusa jikoni kwako, itakwenda kukusimulia Ulaya."

Tulicheka, lakini tulimsikiliza.

Sasa, kwetu mbegu ya mahindi huwekwa darini, juu ya meko, moshi uipige isibunguliwe. Kila mama hufanya hivyo. Mwaka wa 1953, mwezi wa saba, manyunyu na ukungu vilitukalia, jua likagoma kabisa. Efraimu alikuwa akizunguka kuwahimiza watu wafunike kahawa zao, huku ya kwake imeanza kuota kuvu. Mkewe, Leah, akaionea huruma. Akaipandisha darini kama mbegu. Mume aliporudi akakuta imekauka vizuri, na inanuka moshi.

Haya yote alikuja kutueleza mwenyewe baadaye. Alisema aliianika juani, akainusa, akaianika tena, mpaka pua ikazoea, akajidanganya kwamba harufu imeisha. Akaipeleka chamani, ikachanganywa na ya wote.

La kuvunda halina ubani. Neno likarudi kutoka ng'ambo: kahawa ya Isansa inanuka moshi, na wanunuzi hawataipokea tena mpaka chama kimtoe aliyeiharibu. Kefa, mwenyekiti wetu, akaitisha mkutano.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza," akasema. "Ni nani?"

Na nani angedhaniwa kama si mjane? Mama yangu, Tabita, alikuwa na chumba kimoja tu, humo tunalala, humo tunapika. Kahawa yetu hatukuiingiza ndani hata siku moja, tuliifunika nje kwa majani ya migomba na mikeka yetu ya kulalia. Lakini macho yote yalimgeukia yeye. Mama akamtazama Efraimu, kwa kuwa ndiye aliyekuja kuikagua kahawa yetu na kuisifu. Efraimu akaitazama kofia yake mikononi.

Basi mama akatolewa chamani. Shemeji yake, Enoka, alikuwa amelimezea mate shamba letu tangu baba azikwe, na hapo akapata sababu. Akasema mwanamke aliyeuaibisha ukoo hawezi kushika kahawa ya ukoo. Tukafungasha, tukashuka Kamsamba kwa wajomba zangu, kwenye joto, mbu na mpunga.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mama aliamini kosa ni lake. Tulipokuwa tukipalilia alikuwa akisimama ghafla na kuniuliza.

"Ruti, mwanangu, wakati ule wa manyunyu hatukuwasha moto karibu na kahawa?"

"Hatukuwasha, mama."

"Labda tulisahau."

Aliomba msamaha kwa Mungu kila siku kwa jambo ambalo hakulitenda. Mimi nilikuwa msichana tu, nikabaki kumeza hasira.

Msimu uliofuata Efraimu alishindwa kuficha tena. Alisema kila alipowaambia watu kuhusu moto, maneno yalimkwama. Mwishowe alisimama mkutanoni, Leah akilia pembeni, akasema yote. Alitegemea wamtimue. Wapi! Kefa alimshika mkono akamwambia, "Kuteleza si kuanguka, Mwalimu." Wengine wakamsifu kwa ujasiri. Kahawa mpya ilikuwa imeshapokelewa huko ng'ambo, wakaona yamekwisha. Kumbe mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Ndipo akaja Kamsamba. Alifika amekonda, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakataa kiti, akakaa chini mbele ya mama akaeleza. Mama alisikiliza akiwa na ungo wa mchele mapajani.

"Kumbe si mimi," akasema taratibu.

"Si wewe, Mama Ruti. Nisamehe. Nilikuona ukinitazama siku ile, nikanyamaza. Sasa nimewaambia wote, jina lako ni safi. Hata kanisani limetangazwa."

"Nimekusikia, Mwalimu. Na Enoka alikuwepo mkutanoni?"

"Alikuwepo."

"Na shamba langu?"

Efraimu akajifuta vumbi kwenye nyusi.

"Yuko nalo bado," akasema. "Ameshachuma."

"Nani alisema nirudishiwe?"

"Hakuna aliyesema, Mama Ruti."

"Kefa je?"

"Hakusema."

"Na wewe?"

Mwanamume yule mtu mzima akaanza kulia. Sikumhurumia, na sitasema uongo hapa ili nionekane mwema.

"Hata mimi," akasema. "Waliponisamehe, nilifurahi mno. Nikakaa."

Mama hakumtukana. Aliweka ungo chini, akaenda jikoni, akampakulia wali na maharage kwa kuwa ni mgeni aliyetoka mbali, akamnawisha mikono. Kisha akanishika mkono tukarudi shambani kwenye mpunga, tukamwacha ale peke yake.