Dushi ya Nyumba Isiyokuwa Yangu

Mwanangu, kaa kidogo. Kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo nimeisimulia mara chache, maana kila nikiisimulia naona haya. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi ni mzee sasa, sina la kuficha.

Ilikuwa hapa hapa Kolwezi, miaka ya tisini ilipoanza. Kampuni ya migodi ilikuwa inakufa mbele ya macho yetu. Mashine zilisimama kule kwenye mgodi wa Mashamba, vipuri vikaibwa, pampu za maji za mji zikawa zinafanya kazi saa mbili na kulala saa tatu. Na katika dhiki ile, kama kawaida ya binadamu, akatafutwa wa kubebeshwa lawama. Watu wa asili ya jimbo la Kasai wakaambiwa warudi kwao. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa. Baba zao walichimba shaba pamoja na baba zetu. Wakatolewa majumbani, wakajazana stesheni kungoja treni, wiki baada ya wiki, chini ya maturubai.

Mimi nilikuwa fundi wa mabomba, kijana wa miaka ishirini na minne. Aliyenifundisha kazi alikuwa Tata Mbuyi, yaani Baba Mbuyi, mtu wa Kasai, mpole, asiyependa haraka. Kwa miaka mitatu alinishika mkono. Siku vijana walipomtoa kwa mawe nyumbani kwake, mtaa wa Dilala, yeye na mke wake Mama Tshala mwenye mimba kubwa, nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara. Sikurusha jiwe, mwanangu, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa hilo. Lakini pia sikuvuka. Tata Mbuyi alinitazama mara moja tu, akainua godoro lake kichwani.

Wiki ya pili nikapewa kazi yake. Bwana mmoja wa ofisi akanipa na ufunguo wa nyumba ya Tata Mbuyi. Sikuuliza kitu. Nilimchukua mama yangu mzazi kutoka Mutoshi, nikamwambia, tazama, mtoto wako amekuwa mtu.

Mama alikuwa na maumivu ya magoti, na nyumba ile ilikuwa na dushi, bomba la juu la kuogea, ya maji ya moto. Alifurahi siku tatu. Siku ya nne nikasikia ukelele. Maji yalikuwa vuguvugu, mara yakageuka moto mkali, yakamchubua bega. Kabla hajatoka, yakawa baridi kama ya mtoni.

Nikasema ni robine, koki ya maji, imekufa. Nikabadilisha robine. Kesho yake, vilevile. Nikatafuta nyingine, nikaifunga kwa mbwembwe, nikamwita mama ajaribu kwa mkono. Safari hii aliungua vidole. Akanitazama kwa upole, na upole huo ukaniuma kuliko tusi.

"Fundi, unajua hii kazi?" akaniuliza.

Sikuijua. Nilijua kushika vyombo vya Tata Mbuyi, kumpa spana hii na ile. Yeye ndiye aliyekuwa anapanda juu ya dari. Mimi nilibaki chini nikisimulia habari za mpira.

Basi asubuhi ile nikaenda stesheni. Nilipita katikati ya masufuria, magodoro na watoto wanaokohoa, nikamkuta Tata Mbuyi ameketi juu ya sanduku lake la chuma. Mama Tshala alikuwa amelala ubavu, miguu imevimba. Nilisalimu. Kisha, Mungu anisamehe, nikaeleza habari ya dushi. Nilimwuliza mtu niliyekaa katika nyumba yake kwa nini dushi yake inamchoma mama yangu.

Akajibu kama tulivyozoea kazini, bila kupandisha sauti.

"Mayi ya moto inatoka mu tangi, kule juu ya dari. Mayi ya baridi inatoka mu barabara. Kila moja iko na nguvu yake. Pampu ya muji ikilegea, ile ya baridi inapunguka, moto inabakia yenyewe; ikirudi na nguvu, baridi inashinda. Robine haina kosa. Nyuma ya tangi kuko robine mbili. Ile ya barabara, uifunge. Ile ya tangi, uifungule. Mayi yote mbili ikuye mu tangi moja, nguvu ikuwe sawa. Na shofo, ile inachemusha mayi, uishushe kidogo. Mama yako hapana bukari ya kusonga mu sufuria, haombe mayi ya kuchemuka."

Nikamshukuru, nikageuka. Akaniita.

"Mwana. Ulikuya juu ya mayi. Juu ya mi, haukukuya."

Yaani nilikuja kwa ajili ya maji, si kwa ajili yake. Mwanangu, nimewahi kupigwa, nimewahi kutukanwa mbele ya watu. Hakuna neno lililoniingia kama lile.

Nilipanda darini. Robine ya tangi ilikuwa imeshikwa na chokaa, haigeuki. Nikaing'oa, nikailoweka katika siki, nikakata mpira wa ndani wa baiskeli kutengeneza pete mpya ya pembeni ili robine isivuje. Nikafunga ya barabara, nikafungua ya tangi, nikashusha moto wa shofo. Mama akaoga. Nilikaa nje ya mlango nikihesabu dakika. Pampu ya mji ikazimika, nikasikia jikoni robine ya barabara ikikohoa hewa. Dushini hakukuwa na ukelele. Alitoka anacheka.

"Nani amekufundisha?"

Nikamwambia yote. Kicheko kikafutika usoni mwake.

"Mi naoga mu nyumba ya mama mwenye mimba, na ye analala chini pa gare ya treni? Enda ukabalete. Leo."

"Mama, bale bavijana batatupiga."

"Batupige."

Nikaenda. Safari hii niliinama kwanza, nikasema, "Tata, nimekuja kwa ajili yako. Nisamehe." Alimtazama mke wake, akatazama anga iliyojaa mvua, akasimama akaniachia nibebe sanduku.

Mama Tshala alioga siku ile hadi vidole vikakunjamana. Siku ya tatu uchungu ukamshika, akajifungua mtoto wa kike katika chumba chake mwenyewe, mama yangu akimpokea. Asubuhi iliyofuata vijana watatu wakasimama langoni, mmoja na fimbo.

"Ni bani bale mu nyumba yako?"

Nilikwenda hadi langoni. Nikasema, "Ni benye nyumba. Mi njo mugeni."

Walitukana, wakatikisa lango, wakaenda kunishtaki kwa yule bwana wa ofisi. Treni ilikuja baada ya siku tisa, na Tata Mbuyi, ambaye mji ulikuwa bado haumtaki, akaondoka na watu wake. Tuliagana kwa kushikana mikono miwili. Mwezi haukuisha nikanyang'anywa kazi na nyumba, tukarudi Mutoshi na mama. Tuliogea ndoo. Sikumsikia akilalamika hata siku moja.

Nasaha yangu, basi, ni hii. Ukipewa kiti, uliza kwanza nani alikuwa amekikalia na ameondokaje. Ukiwa na mwalimu, jifunze angali karibu, maana majuto ni mjukuu. Usijisifu kwa ubaya ambao hukuutenda, kama wema uliokupasa hukuutenda pia. Na ukikosa, rudi kwa mtu uliyemkosea, umwendee yeye mwenyewe, si kwa shida yako. Utachelewa, utaona haya, pengine utapoteza. Rudi tu.

Mungu wa babu zetu akuongoze, mwanangu. Akupe kazi unayoijua, na majirani watakaolia ukiondoka. Watoto wako wasifukuzwe popote, wala wasimfukuze mtu. Haya, inuka sasa, uende na amani.