Mteremko wa Okunoiri

Takako alikuwa mke wa marehemu kaka yangu. Kaka alipofariki hakurudi kwao. Alibaki Okunoiri, kijiji chetu cha milimani Japani, na baba yetu, Mzee Genzaburo, mfugaji wa samaki wa mapambo. Takako aliajiriwa na ofisi ya mji, kitengo cha maporomoko ya ardhi. Mteremko uliokuwa juu ya nyumba zetu ulikuwa ukiteleza kidogo kidogo tangu enzi za mababu, na kazi yake ilikuwa kujua umeteleza kiasi gani.

Mashine za kupimia zilitoka kwa kampuni moja, na kila kitu kilikuwa siri ya kampuni: programu, jinsi mafaili yalivyoandikwa, hata leseni iliyohuishwa kila mwaka kwa mtandao. Kampuni ikafilisika. Majira ya baridi yale kompyuta ya ofisi ikaandika kwamba leseni imekwisha, na vipimo vya miaka yote vikabaki mle ndani, havifunguki.

Theluji ilipoyeyuka, aliambiwa achague mitambo mipya. Mkuu wake, Bwana Uozumi, alipendelea kampuni nyingine, kubwa zaidi. Takako akataka vifaa huria: bodi ya kielektroniki ambayo michoro yake iko wazi kwa kila mtu, programu ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha, na vipimo viandikwe kwa maandishi ya kawaida.

"Ikiharibika tutamlaumu nani?" Uozumi aliuliza.

"Mimi. Hawa waliofilisika tumemlaumu nani mpaka leo?"

Uozumi akakubali shingo upande. Takako alichagua kwa makini. Bodi ya kwanza aliikataa kwa kuwa saa yake ilipoteza majira kwenye baridi. Programu moja nzuri aliiacha kwa sababu aliyeitunga alikuwa peke yake na hajibu tena maswali. Akachukua nyingine yenye watu wengi wanaoitunza. Waya aliziunga mezani jikoni, karibu na mtungi wa miso, ile rojo ya soya, huku Baba akimtania.

"Siku hizi mkwe wangu anapika waya."

"Wali umeshaiva, Baba. Ni wewe tu hujaja kula."

Tulipanda naye mlimani kufunga vihisi vya kupima mwendo wa ardhi, na vikafanya kazi vizuri. Mvua za mwanzo wa kiangazi, ambao kwetu ndio msimu wa mvua, zilipoanza, namba zikapanda. Takako alishuku mashine kwanza. Alibadilisha vihisi, akaikagua programu mstari kwa mstari pamoja na watunzaji wake wa ng'ambo. Mashine ilikuwa inasema kweli.

Wataalamu wa mkoa walikuja, wakamwuliza swali moja: je, kila mwaka mvua zikinyesha huwa hivi, au ni jambo jipya? Jibu lilikuwa kwenye yale mafaili yasiyofunguka. Bila vipimo vya kulinganisha, hawakuidhinisha kuchimba visima vya kuondoa maji mlimani. Walisema tuendelee kupima. Takako akaendelea kupima, na kila asubuhi namba ilikuwa mbaya kuliko ya jana.

Vuli ilipofika, visima visingesaidia tena. Amri ya kuhama ikatoka.

"Iulize mashine yako samaki wangu waende wapi," Baba alisema.

"Haijui, Baba. Inajua tu kwamba tuondoke."

Mteremko ulianguka tukiwa tumeshahama. Hakuna aliyekufa. Mabwawa yalifukiwa, na nyumba zote, na kaburi la kaka yangu.

Sasa Takako na Baba wanaishi ghorofani mjini. Baba hasemi naye. Akitaka chai hunisubiri mimi nije. Nilimwambia Takako kwamba alichagua sawasawa, kwamba tupo hai kwa sababu yake. Alisema anajua, na kwamba kujua hakumsaidii kitu. Alichagua kupima vizuri, akapima vizuri kijiji kikifa.

Juzi mji wa bonde la pili ulimwomba akawafungie mitambo kama ile. Aliwatumia michoro yote na programu yote, bure. Mwenyewe hakwenda.