Kichwa Nilichokitikisa Mimi

Watu wa hapa Bukura wakiniambia pole, nawajibu pole mpeni mume wangu. Mimi nina hasira, na hasira haiponi kwa pole. Nina hasira na Protus mzee wa kanisa, nina hasira na akina mama wenzangu wa maombi ya Jumatano, na nikishawamaliza hao wote nabaki na mimi Maximilla mwenyewe, mama yake Bravin, mwenye mikono hii miwili. Sikilizeni, halafu mtajua muanze na nani.

Mume wangu anaitwa Osundwa, mkata miwa. Miaka thelathini na moja niliyokaa naye amekuwa akikata miwa ya watu, na shamba likichomwa anarudi nyumbani mweusi tititi, unaona macho na meno tu. Hanywi chang'aa, hapigi mtu. Na alikuwa hajabatizwa. Lakini usiniulize kama ni mpagani, maana ukiniuliza hivyo nitakutafutia mwiko.

Alipokuwa darasa la nne, mwalimu alisema hakuna mtoto atakayeandikwa kwenye daftari bila jina la Kikristo. Osundwa akamwomba mwalimu angoje, akamuulize nyanya yake kwanza. Mwalimu hakungoja. Akamwandika Zakaria, akamwita Zakaria, na kila alipokosa kuitika, fimbo. Siku ya tano akafunga vitabu vyake, akaenda zake mashambani, na shule hakurudi tena. Tulipooana aliniambia, "Mungu akinitaka, anajua naitwa nani."

Na bado kila Jumapili alinisindikiza kanisani! Miaka ya kwanza alikuwa akiishia langoni. Baadaye akasogea hadi kwenye jiwe moja lililobaki wakati wa ujenzi, chini ya dirisha, akawa anakaa hapo mpaka tutoke. "Mimi nawasikianga vizuri tu," aliniambia, na njiani kurudi alinikosoa mahubiri. Ati leo mhubiri ameruka mahali. Ati yule mwana mpotevu mbona hamkumaliza habari ya kaka yake. Nyumbani, kabla ya kukata tonge la kwanza la obusuma, ugali wetu, alivua kofia, midomo ikacheza kidogo bila sauti, akala. Alikuwa akimwambia nini Mungu, sijui. Sikuambiwa.

Basi mimi nilimsumbua mtu huyo, jamani! Nilimsumbua asubuhi, nilimsumbua jioni. Akina mama walikuwa wananiuliza, "Mumeo bado?" kana kwamba ni maharagwe niliyoyaacha jikoni. Niliona aibu. Mwaka huu, mwezi wa nne, akatoka kwenye jiwe akakaa kwenye ngazi ya mlango. Mwezi wa tano tukiwa tunakunywa chai akaniuliza, "Mama Bravin, mtu akiingia mara ya kwanza, anaketi wapi?"

Nilimwaga chai mezani. Nikamwambia popote, Baba Bravin, popote tu. Akasema sawa, ataangalia.

Wiki hiyo hiyo malaria ikampanda kichwani. Tulimkimbiza hospitali Kakamega, na kwa siku tatu hakunijua mimi wala Bravin. Nikaanza kuogopa. Kwetu mtu asiye wa kanisa akifa anazikwa hivi hivi. Hakuna kwaya, hakuna mhubiri, watu wanasimama mbali na kaburi wakiangalia saa. Nikaona mume wangu akifukiwa kama mbwa, na mimi mjane wa kunyooshewa kidole. Nikampigia Protus simu.

Alikuja saa ya kuona wagonjwa, mchana, na akina mama watatu na chupa ya soda iliyojaa maji. Akasimama kando ya kitanda akauliza kwa sauti ya madhabahuni, "Ndugu, unamkubali Bwana kwa hiari yako mwenyewe?" Ati hiari! Mtu hajui hata yuko wapi. Protus akanitazama mimi, akasema, "Hata akitikisa kichwa tu, mama, inatosha."

Nikapitisha mkono nyuma ya shingo ya mume wangu, nikakitikisa kichwa chake.

Ndiyo. Mimi. Akina mama wakapiga vigelegele hadi muuguzi akaja kutufokea. Protus akauliza abatizwe jina gani, na kwa kuwa sikuwa nimefikiria, likanitoka jina la kwanza lililonijia kinywani. Zakaria. Haki ya Mungu, nilikumbuka lilikotoka maji yakiwa yameshamwagwa.

Siku ya nne Osundwa akafungua macho, akaomba uji. Jioni jirani akaja kumwona, akamsalimu kwa kicheko, "Zakaria, Bwana asifiwe!" Mume wangu akanigeukia.

"Nani aliitikia?"

Nikamweleza yote, hata shingo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alisema tu, "Yule mwalimu alinichapa, Maximilla. Lakini kichwa changu hakukishika." Tangu anioe hakuwa ameniita Maximilla.

Jumapili tano nilienda kanisani peke yangu. Si jiwe, si ngazi, si lango. Nilikwenda kwa Protus nikamwambia afute jina lile kwenye kitabu, akacheka. "Maji yakimwagika hayazoleki, mama. Ameshakuwa wetu. Usimwamshe shetani." Ameshakuwa wetu! Kama ng'ombe aliyepigwa chapa. Niliondoka bila hata kuaga.

Jumapili ya sita mvua ilinyesha tangu tulipoanza kuimba. Saa ya ushuhuda ikafika, nikasimama.

"Nyinyi mnamshukuru Mungu kwa Zakaria," nikasema. "Hakuna Zakaria. Kuna Osundwa, na Osundwa hakusema ndiyo. Kile kichwa nilikitikisa mimi, na Protus aliniona."

"Keti, mama," Protus akasema.

"Sikai! Mungu mwenyewe amengoja kwenye mlango wa mtu huyo miaka sitini na hajagusa kufuli. Mimi na wewe ni akina nani tuje na shoka? Amesogea kutoka langoni mpaka kwenye jiwe, kutoka kwenye jiwe mpaka ngazini, kwa miguu yake! Ilibaki hatua moja, na mimi nikamfukuza kwa kuogopa mtasema nini matangani. Na wewe Mungu, niliponyoosha mkono huu, mbona hukunizuia?"

Nikaona watu wanatazama nyuma yangu.

Osundwa alikuwa amesimama ngazini na mwavuli, gambuti zimejaa matope. Mvua ilikuwa imemtoa nyumbani kuja kunichukua, na kama kawaida yake alikuwa amesikia vizuri tu. Akafunga mwavuli, akauegemeza ukutani. Akaingia. Alinipita bila kunitazama, akaangalia mabenchi yote, akachagua la mbele kabisa, akavua kofia.

Protus akaruka kama aliyeokota kitu. "Karibu, ndugu Zaka—"

"Osundwa."

"Ndugu Osundwa. Bwana asifiwe! Umekuja kumkubali?"

"Nimekuja kuulizwa," mume wangu akasema. "Mara ya kwanza aliulizwa mtu mwingine."

Protus akamuuliza upya, polepole, kwa jina lake, mpaka mwisho. Osundwa akainamisha macho kwenye kofia yake, akanyamaza. Mvua ikapiga mabati. Mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega, akanong'ona, "Msaidie basi, mwambie aseme ndiyo."

"Koma!" nikamwambia, kanisa zima likasikia. Kisha nikaketi, nikaikalia mikono yangu yote miwili, nikangoja kama wengine.