Mahari ya Chuoni

Kila mwaka, wiki moja kabla wanafunzi wapya hawajaripoti, mkuu wa chuo hunipigia simu niende nikawape nasaha. Nilifundisha ushonaji pale miaka mingi, nikastaafu, na bado wananiita kwa sababu nasema kwa ufupi na siogopi kumuudhi mtu. Huwaambia waje na kufuli, ndoo yenye mfuniko na blanketi zito. Wasiazimane mkasi wala kanga. Mwalimu akimwita msichana ofisini peke yake, waende wawili. Wananipigia makofi, nakunywa soda, narudi nyumbani.

Habari ya barua sijawahi kuwaambia. Mwaka huu nimeona niiandike, maana nikisimama mbele yao na kuisema kwa mdomo nitaikosea, kama nilivyoikosea mara ya kwanza.

Sisi ni Wasubi wa Biharamulo, upande wa Nyarubungo. Kabla ya vijiji vya ujamaa tulikaa mlimani, kila mtu na migomba yake. Siku ya kuhamishwa, mgambo walikuja asubuhi wakampa baba muda mfupi wa kutoa vitu. Aliingia ndani kuchukua gunia la maharage, na kabla hajatoka wakawasha paa. Alitoka mgongo umeungua. Aliposimama kuwatazama, mmoja wao alimpiga rungu la bega. Walikuwa vijana wa kwetu, wanakijua Kisubi kama mimi, lakini siku ile walisema Kiswahili kitupu. Toka. Beba. Panda. Kimya.

Kwa hiyo Kiswahili kiliingia nyumbani kwetu siku moja na moto. Tulikuwa tukikisikia sokoni na shuleni, lakini siku ile ndipo kilipohamia ndani. Baba, ambaye zamani alikuwa mtu wa kucheka, akawa mwepesi wa mkono, na kila alipompiga mama au kunipiga mimi alipiga kwa Kiswahili. "Kimya. Toka mbele yangu." Akitaka kuongezewa mchuzi, aliomba kwa Kisubi.

Kule kijijini nilimaliza darasa la saba, nikapewa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima kwenye ghala la kijiji. Baba hakukanyaga. Alisema hawezi kukaa kwenye benchi afundishwe na mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfuta kamasi. Basi akabaki hajui kusoma. Mimi mwalimu nami nilikuwa na ila yangu, ambayo ni ya kwetu wote: ulimi wangu haukutenganisha l na r. Ubaoni niliandika sawasawa, mdomoni zote zilitoka r. Wanafunzi wangu hawakujali, kwa kuwa nao walikuwa vilevile.

Kisha kijiji kikaambiwa kichague mtu mmoja wa kwenda chuo cha maendeleo ya wananchi, ajifunze kazi na kurudi kuwafundisha wenzake. Mkutano ukanyoosha mikono, nikachaguliwa mimi, nikajifunze ushonaji. Siku hiyo baba hakuwepo. Alikuwa Mugoma, kule Ngara, kwa watu walioniposa, na ng'ombe wao wa kwanza alikuwa tayari amefungwa uani kwetu. Sikumwambia nimechaguliwa. Niliogopa. Mama alijua, akanyamaza. Tulipanga tungoje barua ya kukubaliwa, yenye mhuri, ndipo tuseme, kwa sababu mhuri baba aliuheshimu.

Barua ilikuja mwaka wa vita. Aliyeipokea ofisini ni balozi wetu wa nyumba kumi. Aliisoma, akafurahi, na furaha ikamshinda. Akamkuta baba njiani anatoka shambani, jembe begani, akamwambia mbele ya watu kwa Kiswahili chake cha ofisini: "Mzee, hongera sana. Binti yako amepata mahari chuoni."

Barua ilisema nimepata mahali, yaani nafasi. Balozi alikusudia hivyo hivyo. Lakini baba alisikia alichosikia: kuna mwanamume huko chuoni ametoa mahari ya binti yake kwa siri, na ng'ombe wa Mugoma anakula majani uani kwake.

Mimi na mama tulikuwa tumekaa nje tunapukuchua mahindi, jua bado liko juu. Baba alikuwa ameng'oa jembe kwenye mpini njiani. Mpini ndio aliokuja nao mkononi.

"Nani ametoa mahari?" alimuuliza mama. Hakungoja jibu. Alimpiga ubavuni, kisha kichwani, mama akaangukia kwenye mahindi. Nikasimama katikati yao nimenyoosha mikono.

"Baba, si mahari, ni mahari."

Ndivyo nilivyosema. Kichwani mwangu yalikuwa maneno mawili, mdomoni likatoka moja.

"Mahari ya nani?"

"Mahari ya kusoma, baba. Nimepata mahari."

Kila nilipolitaja alinipiga. Nilijua kosa liko wapi, nilijua ulimi unatakiwa uguse wapi, nilikuwa nimewafundisha watu wazima herufi ile kwa chaki, na ulimi ulikataa. Pigo la nne au la tano nililikinga kwa mkono wa kulia, nikasikia mfupa ukivunjika. Ni sauti ndogo, kama ya kukata muhogo mkavu. Vilivunjika vidole viwili na kifundo cha mkono. Na bado nilikuwa nasema mahari.

Mtaniuliza kwa nini sikusema Kisubi. Nimejiuliza swali hilo tangu siku ile. Aliniuliza kwa Kiswahili, nikajibu kwa Kiswahili, kama mtu anavyojibu akiwa ofisini. Halafu nilikuwa na kiburi. Barua ilikuwa ya Kiswahili, na mimi ndiye msomi wa nyumba ile.

Aliyesema Kisubi ni mama. Alikuwa bado chini, damu inamtoka sikioni, na maishani mwake hakuwahi kushika barua. Alisema polepole, kwa lugha yetu: "Wamempa pa kulala na pa kusomea. Hakuna ng'ombe."

Baba alibaki ameuinua mpini. Kisha akaushusha, akauegemeza ukutani vizuri, akakaa juu ya mahindi yetu. Hakuomba radhi.

Zilikuwa zimebaki siku sita za kuripoti, na barua ilisema atakayechelewa nafasi yake atapewa mwingine. Fundi wa mifupa wa pale kijijini alinivuta vidole, akanifunga vijiti, nikatapika kwa maumivu. Nililala nikihesabu siku. Siku ya tatu baba aliingia, akautazama mkono ulivyovimba, akasema kwa Kisubi: "Mugoma hawatachukua mke asiyeshika jembe. Nitawarudishia ng'ombe wao. Nenda huko chuoni."

Ruhusa yangu ndiyo hiyo. Nilimchukia, na sitaki kuipamba. Nilimwomba Mungu kwamba baba naye apigwe, apigwe na mtu asiyetaka kumsikiliza.

Alinisindikiza yeye mwenyewe hadi Lusahunga, njia panda, tukatafute lori. Alitangulia na sanduku la bati kichwani, mimi nyuma, mkono umening'inia kwenye kanga niliyofunga shingoni. Malori mengi yaliyotupita yalibeba askari, wameketi wamebanana, bunduki zimeelekea juu, na hakuna aliyetupungia.

Kabla ya kufika kwenye vibanda tulikuta kizuizi. Gogo lilikuwa limelazwa barabarani, na mgambo wawili walilinda, mmoja amekaa kivulini, mwingine kijana ambaye ndevu hazijaota vizuri, ana bunduki. Siku zile mgeni yeyote alikuwa jasusi mpaka ajieleze. Pembeni mwa barabara alikuwepo mtu amefungwa kamba mikono kwa nyuma, uso umevimba hata jicho moja halionekani. Mama mmoja muuza ndizi alituambia kwa sauti ya chini kwamba mtu huyo hakuweza kujieleza.

Baba akatua sanduku. Akavua kofia, akainamisha kichwa, akamwambia yule kijana: "Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia kijana, bila hata kusita.

Kijana yule angeweza kuwa mwanawe wa mwisho. Aibu niliyoisikia pale ilinichoma, na hata hivyo chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinafurahi.

"Huyu unampeleka wapi?"

"Chuoni, bwana. Amepata mahari."

"Wenzako wanakufa vitani, wewe unauza binti?"

"Siuzi. Amepata mahari ya kusoma."

Kijana alimzaba kofi. Kofia ikamtoka mkononi ikaanguka vumbini. Baba akajaribu tena neno lile lile, polepole, kwa adabu, kama mtu anayeamini kwamba akilisema kwa upole litatoka tofauti. Likatoka vilevile.

Barua nilikuwa nayo. Ilikuwa kifuani, ndani ya blauzi, nimeifunga kwenye nailoni isilowane, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa mzima. Ningeweza kuitoa kabla ya lile kofi. Nilisubiri. Pigo la pili lilikuwa la kitako cha bunduki, begani, bega lile lile la rungu, na baba akapiga magoti. Msinitetee kwamba nilipigwa na butwaa. Akili yangu ilikuwa timamu kabisa. Baba aligeuza uso akanitazama, nami nikamtazama, nikaacha lije la tatu. Lilimpata mdomoni. Akatema damu, na jino ndani yake.

Ndipo nikaingiza mkono kifuani nikaitoa.

Kijana aliufungua ule mfuko wa nailoni, akauona mhuri, akasoma mistari kwa kuifuata na kidole. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Ah, kumbe amepata mahari chuoni," akasema. Naye alikuwa mtu wa kwetu. "Sasa mzee, kwa nini hukusema?"

Mwenzake aliyekaa kivulini akacheka, akaja akasogeza gogo. Kijana akamwokotea baba kofia, akaipangusa vumbi, akampa kwa mikono miwili. Tukapita. Yule mtu wa kamba alibaki pale pale, na sijui mwisho wake.

Tulipata lori la kubeba chumvi lililokuwa linarudi tupu. Baba alinipandishia sanduku kwa mkono mmoja, maana wa pili haukuinuka. Mdomo ulikuwa umemvimba, lakini maneno niliyasikia vizuri, kwa Kisubi: "Ilikuwa wapi?"

Nikagusa kifua kwa mkono wa kushoto.

Akautazama mkono ule, kisha akautazama wa kulia uliofungwa vijiti. "Haya," akasema. Akageuka akaanza kurudi nyumbani, na nilimwona amepitia porini ili asipite tena kwenye gogo.

Niliripoti siku ya mwisho, jua linazama. Matroni aliuliza mkono umefanyaje, nikasema nimeanguka. Nilijifunza kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto, na vidole vile viwili mpaka leo havinyooki. Nikiwafundisha wasichana kupinda ukingo, huvitazama, na mimi hujifanya sioni wanavyovitazama.

Bega la baba halikupona. Hakuweza tena kunyanyua jembe juu, akawa anapalilia kwa kuinama tu, na kilimo kizito kikawa cha mama. Tangu siku ile hakumpiga mtu. Majirani walisema binti kwenda chuo kumemlainisha mzee. Mimi na yeye tulijua ni bega. Likizo ya kwanza aliniomba nimpe ile barua. Aliishika kichwa chini miguu juu, akaitazama kwa muda mrefu, akanirudishia. Sikuigeuza ili aione vizuri, na yeye hakuniuliza kilichoandikwa. Alifariki nikiwa bado sijamweleza kwa nini nilichelewa kuitoa, na hakuwa na haja ya kuelezwa.

Basi wanangu mnaoanza chuo, kufuli, ndoo na blanketi mmeshasikia. Barua yenu isomeni nyumbani wenyewe, mapema, kabla jirani hajawatangulia kwa furaha yake, na isomeni kwa lugha mnayoombea mchuzi. Njiani iwekeni pa kufikika haraka. Na ikitokea anapigwa mtu kwa kukosa kujieleza, na barua mnayo, itoeni kabla ya pigo la kwanza, hata kama anayepigwa ndiye aliyewavunja mkono. Mimi niliitoa baada ya la tatu.