Vigingi Thelathini na Sita

Wanafunzi walimwita Mama Miche, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye faili la ajira tu. Kwa miaka ishirini na miwili alitunza kitalu cha chuo, nyuma ya maktaba, pale msitu unapoanzia. Hakuweza kupita kijiti kilichonyooka bila kukiokota, maana kila mche mwembamba ulihitaji kitu cha kuegemea.

Ndiyo maana Jumatatu moja, alipokuta msituni vijiti vizuri vimechomekwa ardhini bila kazi yoyote, alimshukuru Mungu, akaving'oa vyote thelathini na sita.

Jumatano mpima ardhi, kijana mwembamba, alisimama mlangoni mwa kitalu akihema.

"Mama, hivyo vigingi ni vyangu."

"Vyako? Mbona havikuwa vimeshika kitu?"

"Vilishika bweni, mama. La wasichana mia tatu. Nimepima siku nne."

Mama Miche aliketi juu ya ndoo. "Pole, mwanangu. Nimekubomolea nyumba kabla haijajengwa."

Kijana alikuwa amejiandaa kukasirika, lakini kicheko kikamtangulia. Akamfunulia mchoro. Bweni lilikalia mivule saba mikongwe. Mbegu zote za mivule kitaluni zilitoka kwenye hiyo saba.

Angesema msijenge, lakini angemtazama vipi binti wa kaka yake? Alikuwa mwaka wa pili chuoni hapo, na kitanda kimoja alilala na mwenzake mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni kwa yule.

"Kesho nitakushikia utepe, tupime upya," alisema. "Ndiyo faini yangu."

Kesho yake, walipofika kwenye mivule, utepe ukasimama.

"Hawa ndio wazazi. Ukiwaangusha, kitalu changu kitakuwa yatima."

"Kwenye ramani yote ni kijani tu, mama."

"Ramani haiokoti mbegu."

"Sasa wasichana niwaweke wapi? Juu ya matawi?"

Mama Miche alimwongoza hadi upande wa mashariki, kwenye miti myembamba iliyosimama kwa mistari kama watoto wa shule.

"Hapa patatosha."

Mpima alitazama ile mistari, akaelewa. "Si umeipanda wewe hii?"

"Miaka sita sasa. Hii naweza kuipanda tena. Wale wakongwe, umri wa kuwangoja sina."

Kamati ya ujenzi ilijadili wiki tatu, ikakubali. Siku moja kabla ya mashine kufika, Mama Miche na binti wa kaka yake walihamisha miche iliyojiotea chini ya ile mistari, kila mmoja na bonge la udongo wake.

"Shangazi, na huu mrefu?"

"Mizizi imeshazama. Tuuache."

Aliupapasa kidogo, kama mtu anayempangusa mtoto vumbi begani, kisha akainamia mche uliofuata.